Kifungo cha Ndiyo

Mume wangu Kizito alibakiwa na neno moja tu, na neno lenyewe ni "bure". Kiharusi kilimpiga jikoni kwetu Kilburn, asubuhi, akifunga tai ya sare ya udereva wa basi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, Kihaya chote, Kiswahili chote, na kile Kiingereza alichokuwa akiwafokea nacho abiria wasio na tiketi. Kikamwachia bure. Ukimpa uji, bure. Ukimbusu, bure. Ukichelewa kurudi anasimama mlangoni na kukuambia bure kwa sauti ambayo haihitaji mkalimani.

Na mimi kazi yangu ni kulisha waume wa watu. Niko kwenye nyumba ya wazee kule Kingsbury, nawaosha, nawavalisha, nawageuza ubavu, halafu napanda treni na kusinzia hadi Kilburn, napanda ngazi ghorofa ya pili, na kuanza upya na wa kwangu. Kinyozi hajinyoi, wanasema, na aliyesema alikuwa na mtu kama mimi kichwani. Nimechoka. Nalisema mapema ili nisilirudie, ingawa najijua, nitalirudia.

Tatizo la Kizito lilikuwa ngazi. Nikitoka tu, baada ya muda anainuka kunitafuta, anaburuta ule mguu mpaka nje. Mara moja alianguka, jirani akamkuta amekaa kwenye kona ya ngazi na damu kwenye nyusi, anamlaumu kwa neno lake lile lile. Kaunsili wakamtuma mama mmoja wa ustawi wa jamii. Mama mpole, sina neno naye. Akasema atarudi mwisho wa mwezi, na kama Kizito hawezi kukaa salama saa ambazo sipo, watamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee.

Nyumba hizo nazijua kwa sababu mle ndani niko mimi. Tunajitahidi, wallahi, ingawa mimi ni Mwanglikana. Lakini naijua saa kumi ya jioni, viti vimepangwa kuzunguka televisheni ambayo hakuna aliyeichagua, na mtu akitamka kitu kisichoeleweka tunamwambia yes my darling na kupita. Kichwani nilimwona Kizito kwenye kiti kimojawapo, akiwaambia bure watu wasiojua kama wanatukanwa au wanashukuriwa. Sikulala vizuri tangu siku ile.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkalisha: nyimbo. Kwa miaka mingi aliongoza sauti ya tatu kwenye kwaya yetu ya Kiswahili, na kila sikukuu tulijirekodi kwenye kanda. Akijisikia mwenyewe akiimba, anatulia kabisa. Ila kanda ina upande wa kwanza na upande wa pili, na katikati pana "tak". Ikilia tak, anainuka kwenda kwenye ngazi. Binti yetu Noëlla, kabla ya kwenda chuo, alizihamishia nyimbo zote kwenye kompyuta yake, akazitia kwenye diski moja, akanunua na mashine ya kuzicheza. Mashine ilikuja na rimoti yenye vifungo vingi kuliko meno ya mtu. Kizito alibonyeza kwa kidole gumba cha kushoto, akapata skrini ya bluu, akairusha ukutani. Sikumlaumu, nilikuwa karibu kuirusha mimi.

Ndipo akaingia Aristide.

Aristide alikuwa fundi mitambo wa redio huko Bukavu. Parokiani kwetu ndiye aliyepanga spika kila Jumapili, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na kila unapomuuliza hali anajibu kwamba anangoja. Alikuwa akingoja jibu la ombi lake la ukimbizi mwaka wa nne ule, na kwa muda wote huo haruhusiwi kufanya kazi. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni anakaa miaka minne, na akilishika jembe anakamatwa.

Nilimweleza habari za tak na za rimoti, si kwa kuomba, kwa kulalamika tu. Akasikiliza, akasema atatutengenezea mashine yenye kifungo kimoja. Kompyuta ilipatikana kwa Euphrasie, mwenzetu wa kwaya anayesafisha ofisi. Kazini kwake walikuwa wanatupa za zamani, akaruhusiwa kuchukua moja. Aristide akaja nyumbani na bisibisi zake kwenye mfuko wa sandarusi. Malipo hakutaka hata kuyasikia, na chakula pia alikiogopa. Aliniuliza, ameshika sahani ya wali, kama wali si mshahara. Nikamwambia ale; ukiwa mshahara, mimi mwenyewe nitamkata kodi.

Programu alizoweka zilitoka kwa watu wa dunia nzima, alinieleza, watu wasiojuana ambao kila mmoja ameandika kipande chake na kukitoa, yeyote akitaka achukue, akitaka abadilishe. Nikauliza, maana nimekaa Uingereza muda mrefu, bei yake nini.

"Ni bure, Mama," alisema Aristide.

Kizito aligeuka na mwili mzima. Alimtazama yule kijana kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina la nyumbani katikati ya soko la Wembley. "Bure," akasema, kwa makini. Aristide hakucheka. Akamjibu, "Bure kabisa, Papa." Tangu pale wakawa marafiki, na kwa kweli walielewana kuliko mimi na yeye.

Kifungo kilitoka gereji ya mabasi. Rafiki wa Kizito wa zamani alileta kile cha kengele, chekundu, kile abiria wanachobonyeza wakitaka kushuka, kimefunguliwa kwenye basi lililokufa. Aristide akakiunga kwa waya mrefu, akakifunga kwenye mkono wa kiti upande wa kushoto. Ukibonyeza, nyimbo zinaanza kwenye televisheni pamoja na picha za kwaya, na haziishi. Zikifika mwisho zinarudi mwanzo. Hakuna tak. Nilimtania Kizito kwamba amekuwa dereva maisha yake yote, hakuwahi kumsubiri mtu hata mmoja anayekimbilia basi, na sasa kengele ameshika yeye.

Basi tukatia diski ya Noëlla. Kizito akabonyeza. Kimya. Picha zinapita, sisi wote tumefungua midomo kwenye skrini, na hakuna sauti.

Aristide alisoma maandishi ya chini, akasoma tena, akakaa kwenye ukingo wa kochi. Nilimlazimisha anieleze kama ninavyoelezwa dawa za wagonjwa, polepole. Kumbe nyimbo zile, ili zitoshe kwenye diski, Noëlla alizibana. Kuzibana na kuzifungua ni hesabu, na hesabu hiyo ina wenyewe. Wameisajili. Wafaransa wanaita brevet, alisema yeye. Noëlla baadaye alisema patent. Mimi nikakumbuka kwamba redio ya nyumbani iliwahi kusema hataza, nikadhani ni ugonjwa wa mifugo. Waliotoa programu zao huru wanaijua hesabu ile, wanaweza kuiandika hata leo, lakini katika nchi kadhaa ni lazima umwombe mwenye nayo ruhusa. Kwa hiyo wanazitoa programu zao bila hiyo.

Nilikasirika. Nilimwambia sijawahi kusikia upuuzi kama huo, kitu kinajua kufanya kazi, kina uwezo wa kuifanya, kimekaa pale kimenyamaza kwa sababu hakina karatasi.

Aristide alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka mpaka machozi. "Mama," alisema kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "ile njo miye."

Njia ilikuwepo. Kipande kilichokosekana mtu anaweza kukivuta kutoka mahali pengine kwenye mtandao, na kila mtu anafanya hivyo. Aristide akakitafuta, akakipata, na mashine ikaleta kisanduku katikati ya skrini. Kiliandikwa kwa Kiingereza cha adabu kwamba huenda kutumia programu hii ni kinyume cha sheria katika nchi yako, na je, unathibitisha kwamba unaruhusiwa? Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Akaondoa mkono kwenye kipanya.

Nilimpigia Noëlla chuoni. Nilimzungumzia Kiswahili, akanijibu Kiingereza kama kawaida ya watoto wa huku. "Just click yes, Mum," alisema. "Everyone clicks yes." Nilimfikishia Aristide kwamba mtoto anasema kila mtu anabonyeza ndiyo.

"Inauliza inchi yangu," alisema Aristide. "Inchi gani?"

Alikuwa anauliza kweli, si kwa uchungu, kama mtu anayejaza kitu na hataki kukosea. Ya kule alikokimbia? Ya hapa, ambapo hawajaamua kama yumo? Nikamwambia basi asogee, nitabonyeza mimi, pasi yangu ya Uingereza ni nyekundu na ina simba na farasi, waje wanikamate, angalau nitapumzika.

Akaweka kiganja juu ya kipanya, taratibu, asiniguse.

"Hapana, Mama. Mukono ni yako, lakini kazi ni yangu. Kwetu, ku redio, balinipa kanda, balisema bonyeza, iende mu hewa. Sikuuliza. Nilibonyeza kifungo kimoja tu, na njo nakimbia mpaka leo. Sasa nikutane na mwanasheria, aniulize kama nilivunja sheria ya hapa, nimujibu nini? Kifungo ni kifungo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Naujua msemo huo, nimeutumia mara nyingi kuwacheka waoga. Sikucheka. Ila nisiwe mnafiki: nilikasirika pia. Mwezi ulikuwa unaisha, yule mama wa kaunsili alikuwa njiani, mume wangu yuko hatua chache kutoka kwenye kile kiti cha saa kumi, na kijana huyu anaogopa neno ndiyo ambalo London nzima inalibonyeza bila kulisoma. Nilikwenda jikoni nikaosha masufuria yaliyokuwa safi.

Niliporudi alikuwa amelala kifudifudi chini ya kitanda chetu, ametoa boksi la kanda za zamani. Alisema ipo njia nyingine ya kubana nyimbo, waliitunga watu hao hao wa vitu huru, haina mwenyewe wala haiombi ruhusa. Ila haianzii kwenye diski ya Noëlla, maana ile kuifungua tu ni kosa. Inaanzia kwenye kanda yenyewe. Na kanda haiendi haraka: wimbo wa dakika sita unachukua dakika sita. Redio yetu ya kanda tundu la waya lilikuwa limekufa, kwa hiyo angeweka maikrofoni mbele ya spika, arekodi hivyo hivyo, chumbani.

Nikahesabu kichwani nikaona haiwezekani. Nikamwambia sawa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubisha.

Basi akawa anakuja kila ninapotoka kwenda kazini, nampisha mlangoni. Anaweka kanda, anambonyezea Kizito, wanakaa. Hawaruhusiwi kuongea, maikrofoni inasikia. Kanda ikifika mwisho anazima, anageuza, anaanza tena. Kizito hakwenda kwenye ngazi hata mara moja, na mimi mjinga nikadhani ni nyimbo.

Jioni moja nilikuwa kwenye ngazi na mifuko ya viazi, nikasikia sauti ya tatu. Nilidhani kanda. Lakini ilikuwa na mkwaruzo, inafuata nyuma kidogo, kama mtu anayetembea na mguu mmoja. Haikuwa na maneno. Ilikuwa wimbo tu. Niliweka mifuko chini nikakaa pale pale kwenye kona aliyoangukia. Nilifurahi, na nilimwonea Aristide wivu, kwa sababu miaka miwili nimemwosha na kumlisha na kumwombea huyu mwanaume, na ameimbia mtu mwingine.

Sikuwaambia kwamba nilisikia. Niliingia nikauliza kama wamekula.

Mama wa kaunsili alikuja kabla kanda hazijaisha. Aristide alijificha jikoni, ingawa nilimwambia huyu hashughuliki na mambo yake. Nilimwonyesha mgeni kifungo cha kengele, naye, ambaye hupanda basi kila siku, alitabasamu. Kizito akabonyeza. Pasaka ya mwaka ule tulioimba kule Wembley ikajaa chumbani, na mgeni akakaa, akanywa chai, akangoja aone kama mzee atainuka. Hakuinuka. Akangoja sana. Mwishowe alisema kwamba haoni haja ya kumhamisha, atatuangalia mara moja kwa miezi kadhaa. Nilimsindikiza mpaka nje, nikarudi, nikamkumbatia Kizito, na Aristide akatoka jikoni ameshika taulo la vyombo. "Bure," alituambia Kizito sote wawili, na siku ile ilimaanisha kitu kizuri.

Alhamisi iliyofuata Aristide alikwenda kusaini. Wanaongoja majibu wanatakiwa kwenda mara kwa mara kwenye ofisi, wajionyeshe, watie sahihi, warudi. Alisema atapitia kwetu mchana, amalize kanda ya Noeli. Hakupita. Nilipofika jioni Kizito alikuwa amesimama mlangoni, koti amelivaa upande mmoja.

Aristide alipiga simu siku ya tatu, kutoka kwenye kituo wanakowazuilia watu, karibu na uwanja wa ndege. Ombi lilikuwa limekataliwa. Walimkabidhi jibu pale pale kwenye dirisha la kusaini, na hakutoka tena. Mwanasheria anajaribu, alisema, lakini tiketi wameshakata. Nilimuuliza anahitaji nini, nguo, sabuni, nimletee nini. Akaniuliza Papa anaimba?

Nikamwambia anaimba. Ulikuwa uongo, tangu Alhamisi alikuwa anabonyeza, anasikiliza kidogo, anatazama mlango.

"Kanda ya Noeli ilibakia," alisema. "Na zingine. Mama, sasa bonyeza ile ndiyo."

Nikamkumbusha alivyosema, kwamba mkono ni wangu lakini kazi ni yake.

"Miye niko mu kifungo tayari," alisema Aristide. "Bonyeza tu. Weye uko na inchi."

Nilitia diski ya Noëlla asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Kisanduku kilikuja vile vile, kwa adabu ile ile, kikaniuliza kuhusu nchi yangu. Nilikitazama kwa muda. Nilifikiri ningehisi kitu. Nikabonyeza ndiyo.

Hakuna aliyekuja. Kipande kilivutwa, mstari ukajaa, na nyimbo zote zikawepo, za Noeli, za harusi, safi kabisa, bila mkwaruzo, kama vile hakujawahi kuwa na swali. Kizito alisikiliza wa kwanza. Alisikiliza kama mtu anayesikia redio ya jirani kupitia ukuta. Halafu akanitazama.

"Bure," alisema, na mara hii nililisikia kwa maana yake ile nyingine.

Alipeleka mkono wa kushoto kwenye kengele, akabonyeza. Mashine ikarudi mwanzo, kwenye zile alizorekodi Aristide chumbani humu. Kwanza kiti kinalia. Halafu mtu anakohoa, anasogeza kitu mezani. Nilikuwa sijawahi kuzisikiliza kutoka mwanzo kabisa. Muda huo siku zote niko kwenye treni. Kabla ya wimbo kuanza, sauti ya Aristide inauliza kwa chini, "Tuendelee, Papa?" Na Kizito wa ndani ya mashine anajibu, "Bure." Na Kizito wa kwenye kiti akajibu pamoja naye, sawasawa, neno juu ya neno.

Wimbo ukaanza. Hakuimba. Hakuinuka pia. Mume wangu, ambaye miaka yake yote hakuwahi kumsubiri mtu anayekimbilia basi, alikaa na mkono juu ya kengele, akautazama mlango. Mimi nilikuwa nimeshavaa koti na nimeshachelewa kazini, nikavuta kiti nikakaa karibu naye.